NPI si leseni ya udaktari

Vijana wa Kampala wanaojifunza kuandaa madai ya bima kwa niaba ya kliniki za Marekani huniuliza kila mara: daktari akiwa na NPI, yaani namba ya kitaifa ya utambulisho wa watoa huduma za afya Marekani, si tayari ameruhusiwa kutibu? Hapana, hata kidogo.

NPI ni namba ya tarakimu 10, iliyotokana na HIPAA, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 kuhusu bima na taarifa za afya, inayomtambulisha mtoa huduma katika miamala ya kielektroniki ya afya. Hata mwanafunzi wa udaktari anaweza kupewa, na taarifa zinazoonekana kwenye rejista ya umma hujazwa na mwombaji mwenyewe. Leseni hutolewa na bodi ya jimbo; kwa hiyo daktari anayehama Texas kwenda Ohio huenda na NPI ileile, ilhali leseni ya Texas haimpi ruhusa ya kufungua kliniki Ohio.

Nashangaa kwamba dhana hii huwashinda Waganda, kwa sababu hapa kwetu daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, kisha hutakiwa kuwa na leseni inayohuishwa kila mwaka. Asiyeihuisha hubaki na namba yake ya usajili, lakini hana ruhusa ya kupokea wagonjwa. Vivyo hivyo, NPI haimwingizi daktari katika mpango wowote wa bima: kama hajajiandikisha Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani hasa kwa wazee, dai atakalowasilisha huko litakataliwa hata kama tarakimu zote ni sahihi. Ndiyo maana nasisitiza, ingawa wengine huniona msumbufu, kwamba rejista ya bodi ya jimbo ifunguliwe kwanza, na ile ya NPI baadaye.

Wapo pia wanaodhani kwamba tarakimu hizo huficha jimbo au taaluma ya daktari. Hazifichi kitu; ya mwisho ni ya kukagua makosa ya uandishi tu. Namba haiishi muda, ila mabadiliko ya taarifa, kama vile anwani, huripotiwa ndani ya siku 30. Kuiomba ni bure, na anayetoza pesa anatoza kazi ya kujaza fomu. Mwisho, kliniki iliyosajiliwa kama kampuni huwa na NPI yake, tofauti na ya daktari aliyeianzisha. Kwenye dai, ya daktari huwekwa penye mtoa huduma, na ya kliniki penye anayelipwa.