Je, wajua kwa nini filamu isiyoandikiwa maneno bado inachekesha baada ya miaka 40?

Kwa miaka mingi, kila mtu aliponiuliza This Is Spinal Tap ilitengenezwaje, nilikuwa na jibu la mkononi. "Hawakuwa na skripti," nilisema kwa kujiamini. "Waliwasha kamera, wakaanza kuropoka." Jibu lilikuwa tamu, kwa hiyo sikuona haja ya kulichunguza. Aliyelivunja ni shemeji yangu, mpiga video za harusi, ambaye siku hiyo hata filamu yenyewe hakuwa ameiona. Aliuliza swali moja tu: "Nani alikata?"

Kwa asiyeijua: ni filamu ya Marekani ya mwaka 1984, ya kwanza kuongozwa na Rob Reiner. Inajifanya makala ya kweli kuhusu bendi ya roki kutoka Uingereza, wanaume wenye nywele ndefu na suruali za kubana kupita umri wao, wanaozunguka Marekani kunadi albamu isiyouzika. Bendi hiyo ni ya kubuni. Vinara wake watatu ni wachekeshaji wa Marekani: Christopher Guest ni Nigel, Michael McKean ni David, Harry Shearer ni Derek. Reiner mwenyewe anaigiza mpiga makala, Marty DiBergi, mwenye kofia na maswali ya upole. Wapiga dramu wa bendi hufa mmoja baada ya mwingine, kwa vifo ambavyo polisi wangeona tabu kuviandikia ripoti.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Niliposikia "walibuni maneno papo hapo", nilielewa "hawakujiandaa". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na manju wa ngoma angeniambia hivyo. Bendi hiyo ya uongo ilionekana kwanza katika kichekesho cha televisheni mwaka 1979, kwa hiyo kamera za filamu zilipowashwa, waigizaji walikuwa wameishi na watu hao kwa miaka kadhaa. Walijua majina ya zamani ya bendi, albamu zake, na marehemu wake wote. Nyimbo hazikubuniwa papo hapo hata kidogo: zilitungwa, zikafanyiwa mazoezi, na wanazipiga wenyewe. Mwaka 1992 walipanda jukwaani Wembley, London, katika tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Zanzibar. Huwezi kupanda jukwaa lile kwa kuropoka.

Hata ukosefu wa skripti ulikuwa uamuzi. Walipewa fedha za kuandika skripti, wakaona kwamba karatasi haitamwonyesha msomaji utani uko wapi, wakazitumia kupiga filamu ya majaribio ya dakika kama 20. Hiyo ndiyo waliyozunguka nayo kutafuta mfadhili. Katika filamu kamili, kila tukio lilikuwa na mwanzo unaojulikana na jambo ambalo lazima litokee. Kilichoachwa wazi ni maneno tu.

Mfikirie mshenga. Anapobisha hodi kwa wazee wa binti hana karatasi mfukoni, lakini kichwani amejaa. Anajua ukoo wa kijana hadi kwa babu. Anajua mahari inaweza kupanda hadi wapi kabla hajainuka kuaga. Amekwisha kuonywa ni mjomba gani mwenye hasira za karibu. Na anajua mazungumzo lazima yaishie wapi. Asichokijua ni swali litakalomtoka mzee. Basi mzee akiuliza ghafla, "Huyo kijana wenu, kazi ya kwanza aliiacha kwa nini?", mshenga hujikuna shingo kabla ya kujibu. Kule kujikuna hakuna aliyekuandika. Mwigizaji anayesubiri zamu ya sentensi yake anaweza kuigiza kujikuna vizuri sana, ila masikio yake yamekwisha kulala, kwa sababu anajua kinachokuja. Mshenga anasikiliza kwa mwili mzima, asiposikiliza ataaibika.

Mkuno wa shingo wa Spinal Tap uko katika tukio la amplifaya. Nigel anamwonyesha Marty magitaa yake. Moja halijawahi kupigwa, na haliruhusiwi kuguswa. Marty ananyoosha kidole. Hata kidole marufuku. Kisha wanafika kwenye amplifaya ambayo namba zake za sauti, badala ya kuishia 10, zinafika 11. Nigel anaeleza kwa fahari kwamba hiyo inazidi kwa moja. Marty anauliza, bila kejeli, kwa nini wasingeifanya 10 yenyewe iwe na sauti kubwa zaidi, iwe ndiyo mwisho. Nigel ananyamaza. Anatafuna bazoka yake. Unamwona akilizungusha swali kichwani, akitafuta mlango wa kutokea, akiukosa. Kisha anarudia kwamba hizi zinafika 11.

Ukiandika jibu hilo kwenye karatasi halichekeshi. Kicheko kiko ndani ya ukimya, na ukimya huo una uzito kwa sababu swali lilimkuta mtu aliyekuwa anasikiliza. Nadhani ndiyo sababu tukio halichakai: utani wa maneno ukiusikia mara tatu umekwisha, ila kumtazama mtu akifikiri bure hakuishi hamu. Hii ni hoja yangu tu, na ina tundu lake. Filamu nyingi zimebuniwa papo hapo, na zinachosha vibaya. Kwa hiyo mshenga peke yake hatoshi.

Hapo ndipo swali la shemeji linapoingia. Yeye hurekodi saa sita za harusi na kumkabidhi bwana harusi dakika 40, na ndugu wote husema, "Sherehe yetu ilikwenda vizuri!" Toleo la awali la Spinal Tap, ambalo mashabiki wamekuwa wakirithishana, linapita saa nne. Lililotoka sinema ni dakika 82. Ni kazi ya tui: unakuna nazi kibao, unakamua, na chicha unawapa kuku. Kina Robert Leighton, waliokuwa chumba cha uhariri, ndio waliochagua ukimya upi ubaki. Yaani skripti iliandikwa kweli, ila mwishoni, kwa mkasi. Reiner amesimulia kwamba walitaka waigizaji wote watajwe kuwa waandishi, chama cha waandishi kikakataa, wakatajwa wanne.

Matokeo yake yalifanana mno na ukweli. Reiner alikuwa akisimulia jinsi watazamaji wa mwanzo mjini Dallas walivyomuuliza kwa nini alipoteza filamu kwa bendi mbovu isiyojulikana. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa roki, alisema aliidhani makala halisi. (Hadithi za aina hii huongezewa chumvi kadiri zinavyosimuliwa, kwa hiyo zipokee kwa kiasi.) Mpiga picha wao, Peter Smokler, alikuwa amefanya kazi kwenye makala za kweli za wanamuziki, na inasemekana hakuona cha kuchekesha: kwake zilikuwa siku za kawaida kazini.

Nami nimeyaona haya kwa macho yangu. Juzi nilimwekea shemeji tukio la mawe. Nigel anataka jukwaani nakala ya Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza, yenye urefu wa futi 18. Anachora kwenye tishu, ila badala ya alama ya futi anaweka ya inchi. Usiku wa onyesho, muziki unapanda, moshi unatanda, na kutoka juu kinateremshwa kijiwe cha kimo cha stuli. Ajabu ni kwamba katika ziara yao ya 1983 Black Sabbath, bendi ya kweli kabisa, walikwama na Stonehenge yao kwa kosa la upande wa pili: mpiga besi wao, Geezer Butler, amesimulia kwamba vipimo vilivyokusudiwa futi vilijengwa kwa mita, na mawe mengi hayakuingia ukumbini.

Nilikuwa navunjika mbavu. Shemeji hakutabasamu. Aliwahi kufika ukumbini akakuta bango la maharusi limechapwa kwa sentimita badala ya inchi, na amelipiga video hivyo hivyo, kwa karibu, ili lionekane kubwa. Aliniomba nirudishe nyuma, akamtazama tena yule msanii aliyechonga kijiwe kwa vipimo alivyopewa.

"Huyu," aliuliza, "walimlipa?"