Zebaki, Dhahabu na Samaki wa Ziwa Victoria: Maswali na Majibu

Sangara na sato wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wana zebaki (metali ya majimaji yenye sumu)?

Wanayo kidogo, kama samaki karibu wote duniani. Vipimo vingi vya samaki wa ziwa letu vimekuta kiwango kilicho chini ya kikomo cha kimataifa cha miligramu 0.5 kwa kilo, kwa hiyo usiache kula samaki. Wa kumwangalia ni sangara mkubwa: hula samaki wenzake, na zebaki yao humrundikia mwilini miaka na miaka. Dagaa haishi muda wa kurundika kiasi hicho. Mjamzito na anayenyonyesha wale zaidi dagaa na sato, kwani zebaki ya kwenye samaki hupenya kondo la nyuma na kuathiri ubongo wa mtoto.

Inafikaje ziwani?

Kwenye machimbo madogo ya Geita na kwingineko, wachenjuaji, yaani wanaotenganisha dhahabu na mchanga, huchanganya zebaki na mchanga uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Zebaki hushikana na dhahabu, kisha donge huchomwa. Mvuke hupanda angani na baadaye hushuka na mvua. Inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, husombwa hadi mitoni. Bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa aina inayoingia kwa samaki.

Mume wangu huchomea dhahabu jikoni. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa kuliko wa samaki yeyote utakayenunua. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na mapafu hufyonza takriban asilimia 80 ya ule unaovutwa. Hushambulia ubongo na figo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau, hukasirika ovyo, fizi huvimba. Mtoto anayecheza pembeni huuvuta pia. Kufungua dirisha hakutoshi, maana mvuke hunata kwenye kuta na nguo, kisha hutoka taratibu hata moto ukishazimwa. Chombo kilichochomewa dhahabu kisipikiwe tena kamwe.

Maziwa ya kunywa si yanaondoa sumu?

Hayaondoi. Sumu imepitia mapafuni. Nenda hospitali, umweleze daktari waziwazi kazi unayofanya ili aagize kipimo cha mkojo. Usipomwambia, anaweza kutibu ugonjwa mwingine kabisa.

Nikichemsha maji ya ziwa?

Kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu na taifodi. Metali hazitoki. Hata kumkaanga au kumkausha samaki hakupunguzi zebaki yake.

Dhahabu ndiyo riziki yetu. Tufanyeje?

Tumieni retoti, chombo cha chuma kilichofungwa ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena. Mchomee nje, mbali na makazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo umeitwa kwa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligundulika kwamba watu walikuwa wakiugua. Baadaye ikathibitika chanzo ni samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Mkataba huo unazitaka nchi zikomeshe uchomaji kwenye makazi ya watu, kwa hiyo jirani akichomea uani na akakataa kuhama, mwone mwenyekiti wa mtaa au afisa afya wa kata.