Windows 11 ya njia ya panya na muziki uliogoma kufika barazani

Sisi wa Moshi njia za panya tunazijua, mpaka wa Holili si mbali. Kwa hiyo mteja akiniuliza kama laptopu yake inaruhusiwa kuwekwa Windows 11, namjibu kwa lugha hiyo hiyo: hairuhusiwi, ila inapita. Hizi HP EliteBook 840 G3 zilizojaa mjini zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, wakati Microsoft inataka kwa sehemu kubwa kuanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Unaandaa flashi kwa programu ya Rufus, unachagua ukaguzi urukwe, mashine inavuka. Tangu huduma ya Windows 10 ilipokoma tarehe 14 Oktoba 2025 nimezivusha nyingi, na likitokea tatizo lolote baadaye, hata printa ikiishiwa wino, lawama inaangukia uvushaji wangu.

Moja ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Shanty Town. Kaseti zake zote za dansi na kwaya amezihamishia kwenye laptopu, na anazipiga kwa Wi-Fi: mashine mapajani, amplifaya sebuleni, hakuna waya katikati. Siku ya nne baada ya kumkabidhi, simu ikaita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi, mashine umenirudishia, muziki umebaki nao wewe?"

Nilipofika nikaenda moja kwa moja kwenye kitu ninachokijua. Windows ina namna mbili za kuutazama mtandao: wa hadharani, kama Wi-Fi ya hoteli, na wa faragha, kama wa nyumbani. Ukiiweka upya, kila mtandao kwake ni mgeni, na mgeni anahesabiwa wa hadharani. Hapo laptopu inajificha na inakataa kuvutwa muziki. Nikabadilisha kuwa wa faragha, amplifaya ikatokea kwenye orodha, wimbo ukalia. Nikanywa chai, nikaondoka nimejaa sifa.

Kesho yake akapiga tena. Jikoni muziki unalia. Barazani, anakokaa jioni, amplifaya haionekani kabisa.

Hapo nikafanya kosa la kifundi: nikaibeba mashine hadi dukani. Nikaweka upya draiva, programu inayoiendesha kadi ya Wi-Fi, kutoka Intel, nikazima ile tabia ya Windows kuilaza kadi ili kuokoa betri. Hayo yote yana faida, maana kwenye mashine zilizovushwa draiva ya jumla inayojiwekea yenyewe huwa chanzo cha kukatikakatika. Dukani ikapiga muziki kwa muda wa saa tatu bila kukwama. Nikairudisha. Barazani, kimya.

Mashine inayofanya kazi jikoni na kugoma hatua kumi mbele si mbovu. Nilipaswa kuliona hilo siku ya kwanza.

Muziki wa aina hii, unaosafiri kwa mfumo uitwao DLNA, unaanza kwa mbiu. Laptopu haijui amplifaya iko wapi. Inapiga mbiu kwenye anwani 239.255.255.250, poti 1900, kwamba mwenye uwezo wa kupiga muziki ajitokeze. Mifumo mingine ya kupiga muziki bila waya, kama Chromecast na Spotify Connect, nayo ina mbiu yake, 224.0.0.251, poti 5353. Mbiu hizi kwa kawaida haziruki ua: zinaishia ndani ya mtandao mmoja, na rauta ya nyumbani haizipitishi kwenda mwingine. Tena, baada ya kuitikia, ni amplifaya inayoufuata wimbo kwenye laptopu na kuuvuta. Kwa hiyo hata ukiiandikia laptopu anwani ya amplifaya kwa mkono, kama njia ya kurudi imefungwa hakuna kitakacholia.

Nikamwomba mwalimu daftari. Tukasimama jikoni, nikaandika ipconfig, amri ya kuiuliza laptopu anwani yake, nikamsomea: 192.168.1.23. Akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Tukatoka barazani, tukasubiri kidogo, nikaandika tena: 192.168.0.104. Akaiangalia ile namba ya tatu, moja juu, sifuri chini. "Hapa tumehama darasa," akasema.

Tulikuwa tumehama kweli. Kijana wake alikuwa amekuja likizo wiki ile ile niliyoivusha mashine, akaona Wi-Fi haifiki barazani, akafunga rauta ya pili. Kwa wema kabisa akaipa jina lile lile na nenosiri lile lile. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika, lakini laptopu ikisogea barazani inahamia kwenye rauta ya kijana, yenye mtandao wake yenyewe, na amplifaya imebaki upande wa pili wa ua.

Dawa haikugusa Windows hata kidogo. Niliingia kwenye rauta ya pili, nikaibadilishia anwani iwe 192.168.1.2 ili isigombane na ile kubwa, nikaizuia isigawe anwani, kisha nikahamisha waya kutoka tundu la intaneti kwenda mojawapo ya matundu ya kawaida. Fuata mpangilio huo. Ukianza na waya, rauta mbili zitagawa anwani kwenye nyumba moja na utapata kazi nyingine. Kwenye rauta kubwa nikaifungia amplifaya anwani moja ya kudumu, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, vifaa huweza kurudi na namba mpya.

Siku hizi kabla sijagusa mashine natoa simu yangu. Naiunga kwenye Wi-Fi, nasimama pale pale mteja anapokaa, natafuta spika. Simu ikiiona na laptopu isiione, nashughulika na laptopu. Zote zikikosa, nakwenda kwenye rauta. Ni dakika mbili, wala hazinilazimishi kubeba mashine ya mtu begani.

Na kasi ya intaneti msiisingizie. Muziki wa ubora wa CD, bila kubanwa, ni kama megabiti 1.4 kwa sekunde, na hapa hautoki hata nje ya nyumba. Hata bando likiisha, kaseti za mwalimu zitalia.

Sasa ananidai kingine. Amenunua spika ndogo ya barazani na anataka ipige pamoja na sebuleni. DLNA haina namna ya kuzifanya spika mbili ziende sawa, nikamweleza. Kwaya ya barazani inaingia nusu ubeti nyuma ya ile ya sebuleni, kwa hiyo jioni anafunga mlango.