Mhogo Haujalala: Dhana Potofu Kuhusu Mimea, Protini na Virusi

Chimbua shina la mhogo ambalo majani yake ya juu bado ni ya kijani, lioshe, kisha kata mzizi mmoja katikati kwa kisu. Ikiwa lina michirizi ya kahawia, ugonjwa wa mhogo unaoletwa na virusi, ndani ya nyama nyeupe utakuta mabaka makavu, magumu, rangi ya gome la mti. Mwenye shamba alikuwa akichuma kisamvu kwenye shina hilohilo wiki iliyopita. Hapo ndipo maneno yanapoanza: udongo umechoka, mvua ilikatika, dawa haikupigwa. Nimeyasikia sana maneno haya, na naamini mengi yanatokana na jambo moja: hatuelezwi mmea unafanya nini ndani ya seli zake unapopata shida.

"Mmea ukinyauka kwenye jua kali umelala tu, unasubiri mvua."

Haujalala hata kidogo. Kila seli ya jani ina ribosomu nyingi sana, viwanda vidogo vinavyosoma ujumbe uliotoka kwenye jeni na kuunga protini kipande kwa kipande. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, kwa hiyo shida ikija mmea huipunguza upesi. Lakini hauzimi viwanda vyote. Unachagua ujumbe upi usomwe na upi ungoje. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walihamisha miche ya soya kutoka joto la nyuzi 28 hadi 40. Protini nyingi za kawaida ziliacha kutengenezwa, zikaanza kutoka protini za kukabili joto, ambazo huzuia protini nyingine zisiharibike. Miche iliporudishwa kwenye nyuzi 28, ndani ya saa tatu au nne kazi ya kawaida ilikuwa imerejea. Mizizi ya mahindi iliyozama majini hufanya vivyo hivyo: ikikosa hewa huacha karibu kila kitu na kubaki na protini zipatazo 20, nyingi zikiwa za kupata nguvu bila oksijeni.

Kwa hiyo kudumaa unakokuona kwa macho ni kubana matumizi, na kunaendeshwa kwa mpango.

"Virusi vinaula mmea, kama kiwavi."

Hii ndiyo dhana ninayotamani kuiondoa kuliko zote, maana ndiyo inayomtuma mtu dukani kununua dawa isiyosaidia. Kirusi hakina mdomo, hakina tumbo, na hakina ribosomu hata moja. Hakiwezi kujitengenezea protini. Kinachofanya ni kuingiza ujumbe wake kwenye viwanda vya mmea, navyo vikausoma kana kwamba ni ujumbe wa nyumbani.

Namna kinavyoingia ni ya ajabu. Ujumbe halali wa mmea una kofia mwanzoni mwake, na ipo protini inayoitwa eIF4E ambayo kazi yake ni kuishika kofia hiyo na kuupeleka ujumbe kwenye ribosomu. Ni kama bawabu anayetazama kofia ya sare. Virusi vya michirizi ya kahawia havina kofia hiyo. Badala yake, kichwani mwa ujumbe wao imebandikwa protini ya kirusi chenyewe, iitwayo VPg, ambayo hushikana na mabawabu wa ukoo wa eIF4E. Mlango ukifunguka, ujumbe wenye herufi karibu 9,000 husomwa wote kwa mkupuo, ukatoa mnyororo mmoja mrefu wa protini, na mnyororo huo hukatwakatwa kuwa protini 10 za kirusi.

Sasa utaona kwa nini dawa ya dukani haiponyi michirizi wala batobato, ugonjwa mwingine wa mhogo unaoletwa na virusi. Ya wadudu inaweza kupunguza nzi weupe wanaosambaza virusi, lakini haigusi kilichokwisha kuingia kwenye seli. Nacho husafiri ndani ya kipando utakachokata kwa ajili ya msimu ujao, hata kama shina lilionekana zuri.

Wapo wanaosema haya ni magonjwa ya juzi, yameletwa na mbegu za kisasa. Batobato iliandikwa kutoka Usambara mwaka 1894, na michirizi ya kahawia ilielezwa kutoka kituo cha utafiti cha Amani, milima hiyohiyo, mwaka 1936.

"Mimea haina kinga."

Haina damu wala kingamwili, ni kweli. Lakini ina njia zake, na mojawapo ni hizohizo ribosomu. Virusi vya batobato ni vya jamii nyingine kabisa, vyenye DNA. Dhidi ya jamii hiyo, mimea kama nyanya ina protini iitwayo NIK1, inayokaa kwenye utando wa seli. Ikiamshwa, hupeleka amri hadi kwenye kiini kwamba jeni za kutengenezea ribosomu zipunguze kazi. Viwanda vikipungua, kirusi nacho hukosa pa kutengenezea protini zake. Kirusi hujibu: protini yake mojawapo huishika NIK1 na kuinyamazisha.

"Mmea sugu umetiwa sumu ya kuua virusi."

Mara nyingi ni kinyume: kimeondolewa au kubadilika kitu ambacho kirusi kilikihitaji. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kazi ya mhogo ambao jeni zake mbili za ukoo wa eIF4E, nCBP-1 na nCBP-2, zilikatwa. Dalili za michirizi ya kahawia zilipungua sana, ingawa ugonjwa haukukoma, maana ukoo huo una protini tano ndani ya mhogo.

Asili nayo imefanya hivyo bila maabara. Mpunga uitwao Gigante, wa Msumbiji, huhimili kimyanga, ugonjwa wa virusi wa mpunga ulioonekana kwanza nchini Kenya mwaka 1966. Siri yake ni badiliko la kiungo kimoja tu katika mnyororo wa protini ya eIF(iso)4G, mshirika wa mabawabu wale. VPg ya kimyanga hushindwa kuishika. Lakini zimekwisha kupatikana aina za kimyanga zilizobadilisha VPg zao, zikaweza kumwingia hata Gigante.