Hablar ya Kihispania haijatoka kwenye Kiarabu

Kuna ile meseji ya siku nyingi inayorudi kila mara kwenye magrupu, eti kitenzi cha Kihispania hablar, yaani kuongea, ni cha Kiarabu kwa sababu Waislamu walitawala huko kuanzia 711 mpaka 1492. Jamani sio kweli, naomba tuache kuisambaza.

Hablar imetoka kwenye fabulari ya Kilatini, kupiga soga, mzizi mmoja na fabula, hadithi. Kinachochanganya watu ni hiyo h ya mwanzo. Zamani Wahispania waliandika fablar, utaikuta kwenye maandishi yao ya karne ya 13, baadaye ile f ikalegea ikawa h na siku hizi hata haitamkwi. Na sio neno moja tu: farina (unga) ikawa harina, facere (kufanya) ikawa hacer. Ukitaka kuhakikisha angalia Kireno hapo jirani, chenyewe kilibaki na f yake: falar, farinha, fazer. Au fungua kamusi yoyote ya Kihispania inayoonyesha asili ya maneno, dakika moja tu unaona.

Wafaransa wana parler na Waitaliano parlare, nazo za Kilatini vilevile ila zimetoka parabolare.

Naelewa kwa nini watu wanaamini, maana Kihispania kina maneno ya Kiarabu kibao kweli, azúcar ni ndugu wa sukari yetu kabisa. Ila mengi ni majina ya vitu, vitenzi vya kila siku kama kula, kuja na kuongea ni vya Kilatini.