Kigoma: yanayosemwa na yalivyo

Kigoma huitwa mwisho wa reli, na kweli Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914 ikakomea ziwani. Lakini safari hazikomei hapo. Ziwa Tanganyika limegawanywa na nchi 4, na bandarini kwetu mizigo ya Kongo na Burundi hushushwa kutoka kwenye mabehewa ikapakiwa melini. Anayeiona Kigoma kuwa pembeni ameitazama kutoka Dar tu.

Wapo pia wanaoamini kuwa maji ya ziwa hili huenda Mto Nile. Mwaka 1871, baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walikwenda hadi ncha ya kaskazini kuhakikisha, wakakuta Mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Maji hutokea magharibi kwa Mto Lukuga, yakafuata Mto Kongo mpaka Atlantiki.

Linaloniudhi hasa ni la dagaa. Wauzaji wengine watakuambia dagaa wa Kigoma na wa Mwanza ni wale wale, tofauti ni kukaushwa tu. Hapana! Ni samaki wa jamii mbalimbali kabisa. Wetu ni wa ukoo mmoja na saladini wa baharini. Wala si watoto wa migebuka, samaki wakubwa wa ziwa hili, maana mgebuka ndiye anayewala. Huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, dagaa wakapanda kuufuata mwanga, kisha wavu ukainuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikikolea, taa haziwavuti tena, na wavuvi hupumzika. Kukicha huanikwa. Wa kichanja hutoka safi. Wa mchangani, uoshe utakavyo, punje haikosi kukwaruza meno. Ukinunua, uliza walianikwa wapi.

Tena si kila mtu wa Kigoma ni mvuvi. Waha, ambao ndio wengi mkoani, ni wakulima na wafugaji wa nyanda za juu. Nenda Kasulu au Kibondo uone maharage, mihogo na migomba. Ziwa huko halionekani.

Na Waha si Warundi waliovuka mpaka. Kiha na Kirundi husikilizana, ndiyo, lakini Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na watawala wake, kama wa Heru na Muhambwe, kabla Wajerumani hawajafika. Hata hao Wajerumani waliziweka Kigoma na Burundi ndani ya koloni moja. Mpaka wa kuzitenga nchi mbili ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waha wakiwa kwao tangu zamani.