Chambo Bandia Kinachopita Kwenye Matete Bila Kunasa

Wavuvi wengi wanaoniletea karakanani, hapa Pasua mjini Moshi, chambo bandia kilichowashinda huniomba jambo moja tu: niifunike ncha ya ndoana. Wanaamini kwamba ncha ndiyo inayoshika magugu, na ni kweli kwamba ncha iliyo wazi hushika. Hata hivyo, katika kutengeneza vyambo vya kuvulia kambale kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu nimejifunza kwamba ncha ni kituo cha mwisho cha safari ambayo jani huianzia mbele kabisa, pale mshipi unapofungwa. Jani likikwama puani, hakuna kinga ya nyuma itakayokiokoa chambo.

Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 mahali inapokutana mito ya Kikuletwa na Ruvu, na kingo zake zina sehemu nyingi zenye matete. Mto Ruvu unatoka Ziwa Jipe, ambalo nalo limevamiwa na magugu marefu ya Typha kiasi kwamba penginepo huyaoni maji ukiwa umesimama ukingoni. Kambale hupendelea humo humo. Juu ya mashavu yake ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, kwa hiyo maji yaliyopungukiwa na oksijeni katikati ya magugu, ambayo samaki wengine huyakimbia, kwake ni makazi mazuri. Anayemtaka kambale hana budi kukipeleka chambo ndani ya magugu, na kukipitisha kando ni kupoteza siku.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi wa pale bwawani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakipokea chambo nilichokuwa nikijivunia, akachuma unyasi mmoja na kuuburuta polepole juu ya chambo kuanzia kwenye tundu la mshipi hadi mkiani. Unyasi uligota kabla hata haujaifikia ndoana. Akaniambia, “Mwanangu, ncha umeiziba vizuri, lakini hiki kitu chako kina mabega.” Nilipokitazama kwa karibu nikaona anachosema: kichwa nilikuwa nimekichonga mviringo kama gololi, na tundu la mshipi likachomoza juu ya kichwa badala ya kutokea puani. Kati ya tundu na kichwa palikuwa na kona ndogo, upana wa punje ya mchele hivi, na kila jani lililopita lilijipachika pale.

Tangu siku hiyo huanza kazi na pua. Kichwa kinachofaa kwa matete kimechongoka kama ncha ya penseli iliyolala, na tundu liko mbele kabisa, ili mshipi na kichwa viwe mstari mmoja ambao unyasi utateleza juu yake bila kukutana na ngazi. Fundo nalo ni sehemu ya umbo. Kipande cha mshipi kinachobaki baada ya kufunga, hata kikiwa kifupi, hukusanya magugu laini ya chini ya maji kama kitana kinavyokusanya nywele, kwa hiyo hukikata karibu kabisa na fundo.

Baada ya pua huja mkao. Ndoana ya ncha tatu siitumii kabisa kwenye magugu, kwa sababu wakati wote ncha moja angalau itakuwa inaangalia upande mbaya. Natumia ndoana moja, nikiuweka uzito chini ya shina lake ili chambo kikivutwa, ncha ielekee juu na tumbo ndilo lipambane na mashina. Kwa uzito huo nimeacha risasi, maana ni sumu na vyambo hupotea majini. Nati ya chuma hutosha.

Sasa kinga yenyewe, ambayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kinga ni waya mwembamba unaotoka karibu na tundu la mshipi, ukapanda taratibu kwa mshazari na kuishia juu kidogo ya ncha. Wazo hili si geni: chambo cha chuma chenye umbo la kijiko kiitwacho Johnson Silver Minnow, kilichoanzia Marekani katika miaka ya 1920, kina ndoana moja iliyokazwa na kinga ya waya, na hadi leo kinatumika kuvulia. Linalosahauliwa ni kwamba waya huo unatakiwa kuwakatalia magugu na kumkubalia samaki, na wengi hudhani tofauti ya hao wawili ni nguvu. Mimi naona tofauti ni upande wanaotokea. Shina la tete huja kutoka mbele na kuufuata waya, ilhali taya la kambale hukandamiza kutoka juu. Waya ukilala kwa mshazari mdogo, shina huteleza juu yake bila kuusukuma sana, na hivyo hata waya laini hutosha. Ukiusimamisha wima, shina huugonga uso kwa uso, nawe utalazimika kutumia waya mgumu, na waya mgumu ndio unaomfanya kambale aume kisha aachie bila kuchomwa. Ndiyo maana hutengeneza pembe kwanza, na ugumu wa waya hufuata baadaye.

Waya ninaoutumia hutoka kwa fundi baiskeli. Kebo ya breki, ukiifumua, hutoa nyuzi za chuma zenye unene wa takriban milimita 0.3, na nyuzi mbili zilizolazwa pamoja hunitosha kwa ndoana ya kambale. Ugumu naupima kwa chupa ya plastiki: natia maji mililita 200, ambayo ni kama gramu 200, na kuitundika kwenye ncha ya kinga kwa uzi. Kinga ikiinama hadi ncha ya ndoana ikajitokeza, nimeridhika. Isipoinama, napunguza uzi mmoja wa chuma.

Jaribio la mwisho hufanyika kwenye beseni. Nachukua ufagio wa chelewa, naufunga kwa kamba na kuusimamisha ndani ya beseni lenye maji, njiti zikiangalia juu, kisha nakiburuta chambo katikati yake mara ishirini. Chelewa ni ngumu na nyembamba kiasi cha kuingia katika kila kona, na kikinasa nasimama hapo hapo nione njiti imegota wapi. Mara nyingi huikuta puani au kwenye fundo, na ni nadra kuikuta kwenye ncha.

Nikiri kwamba ufagio haufanani na magugu yote. Magugu laini yanayoishi chini ya maji hujisokota hata kwenye chambo chenye umbo zuri, na dawa yake ni kutumia mshipi wa kusokotwa, ambao huyakata, na kukivuta chambo juu juu. Kwenye majani mapana ya yungiyungi natumia chambo cha umbo la chura, chenye ndoana ya ncha mbili zilizolala mgongoni. Vyura vya dukani vina mwili wenye uwazi ndani, na samaki akiuma mwili hubonyea, ncha zikatokeza. Vyangu nachonga kutoka soli ya kandambili, ambayo huelea vizuri lakini haibonyei vya kutosha, kwa hiyo nachimba mifereji miwili ya kulaza ncha, kina chake kikiwa sawa na unene wa ndoana. Nikichimba zaidi ya hapo, kambale huondoka na alama za meno kwenye soli tu.

Kinga ya waya hupinda kila inapobanwa na taya. Baada ya kila samaki huirudisha kwa kidole hadi ikae juu ya ncha, na ikikataa kurudi naibadilisha palepale. Nyuzi za akiba huzibeba ndani ya kiberiti, zikiwa zimepakwa mafuta ya cherehani zisishike kutu.